Mgeni Chini ya Kitanda cha Nasreen

Yai lilikuwa jepesi. Mwanarehema alikuwa amepiga magoti akifagia chini ya kitanda cha bintiye, akaligusa pale kwenye chano, sinia ya chakula cha jini, likabingirika kama karatasi. Ganda zima, halina hata ufa. Alipolivunja hakukuta kitu ndani, kukavu. Hasira zilimpanda, maana chano hicho hakukitaka tangu mwanzo.

Nasreen alikuwa na miaka mitano. Mwezi uliopita alianguka chuo cha Kurani, macho yakageuka, mwili ukatetemeka wote. Akaanguka tena wiki iliyofuata. Walipompeleka hospitali, wakaambiwa ni kifafa. Muuguzi Agneta akawapa dawa ya maji ya kunywa asubuhi na jioni, bila kukosa hata siku moja.

"Akianza, mlaze ubavu," Agneta alisema. "Usimkandamize, usimtie chochote mdomoni. Tazama saa. Zikipita dakika tano hajatulia, mkimbize huku."

Lakini nyumba ile ya Mtongwe ilikuwa ya Bi Mweri, mama mkwe wake, na Mansur, mumewe, hushinda kazini bandarini na neno la mamake halipingi. Bi Mweri akamleta fundi Jafar, mganga wa majini. Fundi akasema ni jini, madirisha yafungwe, dawa ya hospitali iachwe isimkasirishe, na kwa siku saba awekewe chano: yai, halua, marashi. Mgeni njoo, mwenyeji apone! Mwanarehema alikubali chano kwa heshima, ila dawa hakuiacha. Ajabu ni kwamba Nasreen alizidi kuanguka, mara mbili kwa siku, mara tatu.

Siku ya nne, adhuhuri, jua likiwaka nje na mtoto amelala, alisikia kutafuna chini ya kitanda. Marashi yalikuwa yamegeuka harufu, kama nguo mbichi zilizosahauliwa ndooni. Akiinama, kimya. Akigeuka, kutafuna.

"Mama, kuna kitu mle," alinong'ona jikoni.

"Wallahi nami nimekisikia," Bi Mweri akajibu, ameshika upawa kwa mikono miwili. "Ndiye huyo anayemtesa. Siku ya saba yuaja kutolewa, inshallah."

Siku ya saba, alasiri, fundi alikuja na chetezo. Moshi wa ubani ukajaa chumba kilichofungwa. Nasreen akakohoa, akakakamaa, akaanza kutetemeka.

"Mtieni kijiko asijing'ate ulimi!" fundi akasema, na Bi Mweri akakichomoa chanoni.

"Mwanangu haguswi!" Mwanarehema alikipiga kijiko kikaruka. Akamlaza ubavu, akatazama saa ya simu.

Fundi akainama juu yao. "U nani wewe? Jitaje!"

Sauti ikajibu, na Mwanarehema, ambaye kiganja chake kilikuwa shavuni mwa mwanawe, ambaye aliyaona meno yalivyobanana na povu lilivyochirizika, alijua haikutoka kinywani mle, ilitoka chini, nzito, ya mtu aliyeshiba, ikipanda kwenye mbao za kitanda mpaka zikamtetemekea magotini: "Mtoto mgonjwa. Simjui. Mimi nimeitwa kula."

Fundi Jafar alitoka mbio bila viatu. Mwanarehema naye aliogopa, lakini dakika zilikuwa nne, na mwenye mgonjwa hana nafasi ya kuogopa. Akafungua madirisha, akakipiga chano teke. Dakika ya tano alikuwa barabarani na mtoto kifuani, akimpigia kelele Hashim, jirani yao mwenye tuktuk. Bi Mweri alibaki nyuma kufunga mlango, akawafuata kwa pikipiki.

Hospitali, sindano ilimtuliza Nasreen. Daktari akauliza, "Dawa alikuwa akipewa?"

"Kila siku, kwa mkono wangu!"

Bi Mweri alitazama sakafu. "Niliimwaga," akasema polepole. "Siku ile ile ya fundi. Nikatia kombe chupani, maji yaliyooshewa aya alizoandika fundi kwa zafarani. Niliona namwokoa mjukuu wangu."

Mwanarehema alimtazama mpaka machozi ya hasira yakamkauka. Siku saba amemnywesha mwanawe maji, akimbembeleza anywe apone.

Magharibi Nasreen alifumbua macho, akaomba uji. Ndipo Bi Mweri akamshika mkwewe ukingo wa leso.

"Niache nilale hapa kwenye benchi, mwanangu. Kule nyumbani yule mgeni hakutoka. Nilipokuwa nafunga mlango aliniita kwa jina. Akaniuliza kesho nitampikia nini."

Mwanarehema aliichomoa leso yake.

"Basi rudi ukampikie, mama. Wewe ndiwe uliyemwalika. Mimi nina mgonjwa."