Kabati Lililomwita Aristote

Harufu ya nanasi ndiyo iliyotangulia. Aristote alifungua depo yake ya betri asubuhi, pale Naviundu, akapigwa na utamu puani: nanasi lililoiva kupita kiasi, lile ambalo nyuki huligombania. Akatafuta chini ya meza, nyuma ya chaja, ndani ya ndoo. Nanasi halikuwepo. Zilikuwepo tu betri za pikipiki za umeme alizonunua kwa jumla Kipushi, taa zao zikimkonyeza kama wachumba, na ukuta mmoja wa matofali uliotenganisha depo na chumba cha mama mkwe wake.

Ukuta huo ulimnyima raha. Mama Martine alikuwa ameletwa kutoka Lukafu kutibiwa mguu, na hakuweza kusimama bila kushikwa. Moto ukiwaka, wa kwanza kuungua ni yeye. Kumhamisha haikuwezekana, maana chumba kingine kilipakana na cha wenye ndoa, na mama mkwe halali ukuta mmoja na mkwe. Victorine, mke wa Aristote, alikuwa ameshasema neno lake, tena bila kupiga kelele, na hiyo ndiyo ilikuwa mbaya zaidi.

"Aristo, betri zako ao mama yangu. Kama hauna kintu ya kuzimisha moto, utoshe byote inje."

"Inje bezi bataiba, chérie."

"Basi baibe. Mama hapatikanake mara mbili."

Mila ilikuwa nzito nyumba ile. Tangu siku ya mahari, Mama Martine hakuwahi kumtazama Aristote usoni wala kutamka jina lake. Aliitwa "ule muntu", na ujumbe ulipitia kwa sufuria. "Sufuria, ambia ule muntu apunguze radio." Aristote naye aliijibu sufuria kwa adabu zote. Mtu aliyebishana bei na Wachina wa Guangzhou kwa vidole na Waarabu wa Dubai kwa kikokotoo, nyumbani kwake alizungumza na vyombo vya jikoni.

Akaenda mjini kwa Clément, mfanyabiashara wa Kikasai auzaye vifaa vya kila aina, akamweleza kwamba anataka kitu cha kuzima moto wa betri.

"Papa, hii extincteur ya poudre inazimishaka byote: mbao, essence, courant."

"Na lithium?"

"Betri iko na courant ao haina?"

"Iko."

"Sasa unaniuliza nini?"

Kwa Clément, courant ni umeme na umeme wote ni mmoja; Aristote akanunua mtungi huo wa unga, akauweka depo. Kesho yake asubuhi mtungi ulikuwa umejimwaga wenyewe, pini iking'aa mlangoni. Unga mweupe ulifunika depo nzima isipokuwa sehemu moja safi kando ya ukuta, yenye umbo la mtu aliyekaa chini, mgongo ukiegemea upande wa Mama Martine.

Aristote alitukana kwa lugha zote alizookota safarini. Akarudi kwa Clément, akapewa blanketi la moto. Akalitandaza juu ya betri, akaenda kunywa chai. Aliporudi, blanketi lilikuwa limeinuka kama mabega ya mtu, likipanda na kushuka, polepole. Akalivuta kwa fimbo ya ufagio. Chini yake betri tu, moja imevimba kama tumbo la mjamzito, ikitoa ile harufu ya nanasi.

Akampigia simu. "Clément! Poudre inajimwanga, blanketi inapumua!"

"Inapumua? Ah, papa, pale garantie haiingie."

Siku hiyo sauti ya Mama Martine ikapita ukutani, ndogo, kama mtu anayeogopa kusikiwa.

"Sufuria, ambia ule muntu: jiwe ya mulima, ile banatiaka mu betri, bakiitosha bila kuomba, inarudiaka na mwenyeye, muzimu. Eko anaikala hapa ku ukuta. Mie namusikiaka. Anajifunza namna mie nasemaka."

Aristote alicheka. Kicheko ndicho kizimamoto pekee ambacho hakikumgharimu. Lakini alasiri hiyohiyo alinunua kabati la chuma, kuukuu, lililotoka katika ofisi moja iliyofungwa, mlango wake mnene kama wa jela. Clément aliapa kwa marehemu babu yake kwamba moto hauwezi kutoka humo. Moto utapumulia wapi, hakuna aliyeuliza. Aristote akapanga betri zote ndani, hata ile iliyovimba, maana ilimuuma kutupa mali. Akapitisha nyaya kwenye tundu, akaliziba kwa matambara, akafunga kwa ufunguo. Akalipiga kofi kabati kama mtu anayesifu ng'ombe wake.

Oktoba, mchana wa jua. Umeme ulikuwa umekatika tangu asubuhi, na Victorine ameenda kutafuta dawa. Umeme ukarudi kwa kishindo: friji ikakohoa, radio ya jirani ikaanza wimbo katikati. Aristote aliingia depo akiwa na ufunguo mkononi, na utamu wa nanasi ukamjaa kooni, na ndani ya kabati kitu kikaanza kugonga, tik, tik, kama kucha ya mtu mwenye subira, kisha kwa haraka zaidi, na rangi ya mlango ikaanza kutoa malengelenge, na katikati ya kugonga huko ikatoka sauti aliyoijua, ile ya Lukafu inayoburuta maneno, yenye kikohozi chake kidogo mahali pake:

"Aristote. Aristote, mwana wangu, iko moto humu. Funguliya mie."

Miguu yake ilimpeleka. Mkono ulitia ufunguo tunduni, ukauzungusha nusu, chuma kikamchoma vidole, na kichwani mlikuwa na jambo moja tu, kwamba mama wa watu anaungua na yeye ndiye aliyemfungia, mpaka lile neno la kwanza likamrudia sikioni, akaganda.

Jina. Mama Martine angekufa kabla ya kulitamka.

"Mama," alinong'ona. "Ongea na sufuria."

Kabati likanyamaza. Kisha, kutoka nyuma ya ukuta, dhaifu, mbali:

"Sufuria... ambia ule muntu akimbie."

Hakukimbilia barabarani. Alizunguka nyumba, akaupiga teke mlango ambao hakuwahi kuuvuka, akafumba macho kwa heshima, akampapasa mama mkwe wake kitandani na kumbeba mgongoni. Mama Martine alimpiga mabegani kwa aibu njia nzima. "Wapi haya? Wapi haya?" Walikuwa wamefika kwenye lango kabati lilipopasuka. Mlango wa chuma ulitoboa ukuta, ukalala kitandani pale alipokuwa amelala Mama Martine. Majirani walimwaga maji ndoo kwa ndoo. Moto ulizimika, ukacheka, ukawaka tena, mpaka jioni.

Mila iliyovunjwa hairudishwi, huagwa kwa tambiko. Shangazi yake Victorine alikuja kutoka Lukafu na kuku mweupe, akanyunyiza unga wa muhogo pale ukuta ulipoanguka, akasema na mwenye jiwe, akimwomba msamaha na kumsihi arudi kilimani. Kisha mkwe na mama mkwe wakala bukari, ugali wa kwao, sahani moja, na mwiko ukaisha. Mama Martine akamtazama usoni mara ya kwanza.

"Kumbe uko mubaya hivi, Aristote?"

Watu walicheka hadi machozi.

Aristote sasa alifanya alichopaswa kufanya mwanzoni. Betri zilikaa mwisho wa kiwanja, chini ya mabati, ndani ya wavu wa chuma unaopitisha hewa, kila moja juu ya tofali lake, mapipa ya maji karibu, na hakuna betri iliyochajiwa bila mtu kuiangalia. Iliyovimba ilitengwa siku hiyohiyo. Ukuta ukajengwa, chumba cha Mama Martine kikatiwa mlango mpya upande wa koridoni. Harufu ikatoweka.

Kitu kimoja tu kilimkera, hata usingizi ukampungua. Kati ya vifaa vyote alivyolipia, hakuna hata kimoja kilichomwonya kwa wakati. Kilichomwonya ni jina lisilotamkwa. Na mwiko huo alikuwa ameula pamoja na bukari.

Jumapili mchana, Victorine akiwa kanisani na Mama Martine akiwa ameshaanza kutembea kwa fimbo, Aristote alipita koridoni. Nyuma ya mlango mpya kikohozi kidogo, kisha:

"Aristote, mwana, funguliya mie. Mulango imekwama."

Akatabasamu, akashika kitasa. Kilikuwa cha moto kidogo. Jua, akajiambia. Na hapo, kutoka uani, nyuma ya mgongo wake, sauti ileile, kikohozi kilekile:

"Aristote! Usifungue ule mulango!"

Alisimama, mkono kitasani, shingo ikikataa kugeuka. Utamu wa nanasi ulikuwa koridoni kote. Hakuweza kujua unatoka upande gani.

"Mama," alisema polepole. "Ongea na sufuria."

Sauti zote mbili zikajibu kwa pamoja:

"Sufuria, ambia ule muntu: ni mie."