Misumari ya Dirisha la Tobin

Tobin alimmwagia Maren bia katikati ya umati uliokuwa ukichoma soseji nje ya uwanja wa mpira, na badala ya kuomba radhi akacheka.

"Fulana yenyewe ilikuwa haikupendezi, mrembo."

"Na wewe, adabu umeisahau kwenu?"

Kufikia majira ya baridi walikuwa hawaachani. Tobin aliishi ghorofa ya tatu ya nyumba ya udugu, jumba la nguzo nyeupe ambamo vijana wa chuo huapa kuitana ndugu, kisha hushinda wakinuka bia. Maren hakuwapenda hata mmoja, nao hawakumpenda.

Hata hivyo Jumapili moja mchana walivaa suti, wakajipanga ngazini kuimba. Tobin angemvisha Maren beji ya dhahabu ya udugu, na kwao beji hiyo haiko mbali na pete ya uchumba. Maren, katika gauni la kijani, alipanda kwanza kuacha koti. Chumba kilikuwa na joto. Akajaribu kufungua dirisha, halikutikisika.

Alishuka amefura.

"Nani kapigilia dirisha lako misumari?"

"Mimi. Mwaka jana mtu alitokea dirishani kwenda paani, akaanguka. Si mimi ndiye niliyechaguliwa kusimamia usalama? Nimepigilia yote, mpenzi."

"Na moto ukizuka ngazini?" aliuliza Maren, ambaye baba yake alikuwa mzimamoto.

"Mwache aende kwa baba yake zimamoto!" ndugu mmoja akapayuka. Wakaangua kicheko. Tobin naye akacheka, na kicheko chake ndicho kilichomchoma Maren.

Akatoa simu, akawaita zimamoto papo hapo. Wakaja kukagua madirisha, na kesho yake jumba lilifungwa.

"Umetutupa nje kwenye theluji!" Tobin alifoka simuni. "Umenidhalilisha!"

"Bora mnitukane mkiwa hai."

"Usinipigie tena!"

"Aliyepiga ni wewe, mjinga."

Wiki iliyofuata, Maren akila chakula cha mchana bwaloni, meza ya ndugu ikaanza kuzomea. Tobin akaja bila kuwatazama, akamwaga misumari iliyopinda kwenye sinia la Maren.

"Nimeing'oa yote. Nilianza na ya kwangu. Leo jumba linafunguliwa."

"Beji yako iko wapi?"

"Wameninyang'anya. Niliwaambia ulikuwa sahihi, wakanifukuza."

Maren aliwatazama wale wazomeaji. Usiku huo wangelala penye madirisha yanayofunguka, na wasingemshukuru mtu. Akachukua msumari mmoja, akautia mfukoni.

"Keti ule," alisema, akimsogezea viazi. "Ila bado nina hasira na wewe."