Sola Iliyozindikwa

Ilikuwa Jumanne ya mwezi wa saba, jua safi, na ule upepo wetu wa Ufipa unaopasua midomo. Jirani yetu Modesti alifika shambani mapema, akafagia uwanja wake wa kupuria ulezi, akapanga masuke, kisha akakunjua sola. Ilikuwa ya zile za kukunja, ambazo ukimaliza kazi nazo zinaingia kwenye begi la shule. Akaiegemeza kwenye rundo la masuke ikitazama jua, akachomeka waya mrefu, na simu akaiweka pembeni kivulini isije ikapata moto. Simu ikalia kidogo kuonyesha kwamba chaji inaingia. Modesti akachukua fimbo yake, akaanza kupura.

Siku hiyo simu ndiyo iliyokuwa roho yake. Mkewe Edith alikuwa Chanji, kule mjini, kwa shangazi yake, karibu na hospitali, akisubiri siku zake. Mimba mbili zilikwisha kuharibika. Hii ya tatu ilifika miezi tisa, na Modesti alikuwa hali wala halali. Edith alimwomba jambo moja tu, kwamba simu yake isizime, na Modesti akaapa kwa Mungu kwamba haitazima.

Shida ni kwamba kijijini kwetu wezi wa sola walikuwa wameota mizizi. Kuamka tu, unakuta paa jeupe. Basi Jumapili, ametoka misani na rozari iko mfukoni, Modesti akaibeba sola yake mpaka kwa mganga, mzee Zenon, ili izindikwe. Msimcheke, wengi wetu tumepita njia hiyo. Mzee akapaka dawa kwenye pembe zote nne, akamweleza kwamba asiye mwenyewe akiigusa tu kuanzia Jumanne jua likikaribia utosini, atanasa palepale, na mwenyewe atakuja kumfanya apendavyo. Kisha akamuuliza mara tatu kama sola ni yake.

Mara zote tatu Modesti alijibu, "Ni yangu."

Haikuwa yake. Ilikuwa ya kaka yake, Beda, tuliyemzika mwezi wa nne. Siku ya kuanua matanga, vitu vya marehemu vilipogawiwa, mjane wake Cornelia aliulizia sola, na Modesti akasimama mbele ya ukoo mzima akasema kaka alishampa kabla ya kufa. Sote tulijua kuwa ni uongo. Tukanyamaza, na mimi nikiwemo, na tangu hapo mjane wa watu akawa anatembea saa nzima kwenda kuchaji simu dukani. Lakini mtu anayezindika mali ya wizi kwa jina lake mwenyewe, huyo ubishi wake umemzidi akili.

Saa sita kasoro kivuli cha rundo kilisogea kikaifunika sola upande mmoja. Modesti akaweka fimbo chini, akaenda kuigeuza. Akaishika kwa mkono wa kulia.

Vidole havikuachia.

Alidhani ni ganzi. Akavuta, na sola haikutikisika, kana kwamba imemea ardhini. Akaweka mguu juu ya sola akavuta tena, na ngozi ya kiganja ikachanika, damu ikachirizika juu ya kile kioo cheusi. Hapo simu ikaita. Aliliona jina la Edith. Akanyoosha mkono wa kushoto, akajinyoosha mpaka bega likalia, na vidole vikabaki shubiri moja tu kuifikia.

Nyuma yake fimbo ya kupuria iliinuka kutoka chini.

Hakuisikia. Pigo la kwanza lilimpata mgongoni, akaanguka kifudifudi kwenye ulezi. La pili likapasua sikio. La tatu likashuka juu ya mkono ule ulionasa, na akasikia mifupa ikivunjika. Akageuza shingo. Hapakuwa na mtu. Fimbo ilikuwa inapanda na kushuka yenyewe, kwa mwendo mmoja, bila haraka, kama mtu anayejua kwamba kazi ni ya kutwa. Meno mawili yakamtoka. Damu ikaingia machoni. Fimbo ikapanda. Ikashuka.

Simu ikaacha kuita.

Cornelia alikuwa akivuna shamba la pili. Alisikia mayowe, akaja mbio akidhani ni nyoka. Modesti alikuwa amejikunja kwenye dimbwi la damu, na fimbo iko hewani.

"Shemeji," akanong'ona, "nani anakupiga?"

"Beda."

Mwanamke akapiga magoti. Angeweza kusema apigwe tu, na nani angemlaumu? Lakini alilia, akamwomba marehemu kwa jina alilokuwa akimwita nyumbani. "Baba Sharon, inatosha. Hiyo sola sina haja nayo."

Fimbo haikumsikiliza. Iliendelea. Mbavu zikavunjika, goti likavunjika, na Modesti hakuwa na sauti tena ya kulilia. Cornelia akafumba macho asione mwisho.

Kisha, ghafla, kimya. Fimbo ikaanguka. Vidole vya Modesti vikaachia vyenyewe.

Tulimfikisha hospitali mjini akiwa amefungwa kitenge kwa dereva wa bodaboda. Daktari alisema ana bahati. Goti litapona, mbavu zitaunga, na mkono wa kulia, pamoja na kuvunjika kote kule, damu inapita vizuri, hauna wasiwasi. Wakaufunga bandeji.

Jioni Edith aliletwa wodini akitembea polepole, na mtoto kifuani. Wa kiume, mzima, analia kwa nguvu. Modesti alilia aliposikia sauti yake. Edith akakaa kando ya kitanda, akamfuta uso.

"Mwizi ndiye aliyekugeuzia kibao hivi?" akauliza taratibu.

"Mwizi gani?"

"Huyo uliyemkamata. Si uliniambia mwenyewe kwenye simu? Nilikupigia mchana, mtoto ametoka tu. Sauti yako ilikuwa nzito, nikasema labda mtandao. Ukasema nisubiri, umemnasa mwizi wa sola unampura."

Modesti aligeukia meza. Kwa mkono wa kushoto akaipapasa simu pale mezani. Simu kutoka kwa Edith, saa sita kasoro dakika tano. Ilipokelewa. Dakika nne.

"Nikakuuliza ni nani," Edith akaendelea, "ukasema ni mdogo wako, tumbo moja. Nikashangaa, maana wewe huna mdogo. Nikakusihi umwache hata kwa ajili ya huyu mtoto aliyezaliwa leo. Nikasikia fimbo ikitua tena. Halafu ukasema sawa, roho nitamwachia."

"Nikasema hivyo tu?"

Edith akamfunika mtoto vizuri.

"Ukasema roho nitamwachia. Mkono sitamwachia."

Asubuhi muuguzi alipofungua bandeji, mkono wa kulia ulikuwa mweusi na umekauka mpaka kwenye kifundo. Daktari alipoukata, hakikupatikana ndani yake hata tone moja la damu.