Gauni la Kifungua Mimba

"Fundi, hiyo si lesi yangu?"

Dada alikuwa amepiga magoti sakafuni, pini mdomoni, akipanga pindo la gauni alilolivika sanamu la dirishani. Sauti ilimfikia mgongoni. Hakugeuka. Angegeukaje, na jibu lote lilikuwa limesimama mbele yake, jeupe, la lesi yenye majani madogo pembezoni?

"Fundi, nakuuliza."

Akatema pini kiganjani moja moja, ajipe muda. "Umekuja saa hizi? Hata simu hukupiga."

"Nimeleta meza yako ya pasi, mguu nimeshautengeneza." Seremala aliiegemeza meza ukutani. Vumbi la mbao lilikuwa bado limemjaa kwenye nyusi, maskini, alitoka kazini moja kwa moja. "Sasa nijibu. Ile lesi niliyokununulia ushone gauni lako la harusi, ndiyo hii?"

"Ndiyo hii."

"Na gauni ni la nani?"

"La Kadogo."

Kadogo ni mdogo wake wa mwisho, na alikuwa anaolewa Jumamosi ya wiki ileile. Kati yao yuko kaka mmoja, fundi simu, mtu wa maneno mengi, ambaye nyumba nzima ilimwita Wa Kati. Wazazi walifariki hawa wawili wakiwa bado wadogo, na Dada, kifungua mimba, akaacha shule akakalia cherehani. Tangu hapo yeye ndiye mama, yeye ndiye baba, yeye ndiye mlinzi wa getini. Ukimuona anakula, ujue wengine wote wameshashiba.

"Gauni la Kadogo si lilikwisha?" Seremala aliuliza. "Nililiona hapa kwa macho yangu."

"Nililiunguza na pasi. Wa Kati alinipigia simu ya viti vya wageni, nikasahau mkono uko wapi. Nikaona moshi."

"Umemwambia?"

"Nimwambie nini? Bibi harusi anataka kulala usingizi. Nimemshonea jingine, hatajua."

"Na mimi? Mimi ungeniambia lini?"

Dada akanyanyuka, akajifuta magoti. "Jamani, Seremala, ni kitambaa tu. Nitatafuta kingine kizuri kuliko hiki."

Hapo ndipo alipoharibu. Seremala hakuwa mtu wa kupandisha sauti, na hata siku ile hakuipandisha. Aliketi tu kwenye kigoda cha wateja, akaitazama mikono yake.

"Mimi ni wa mwisho kwetu, unajua. Wavulana wanne. Shati la shule alianza kaka mkubwa, akapokea wa pili, akapokea wa tatu, lilipofika kwangu hata rangi yake lilikuwa limeisahau. Viatu nilikuwa natia karatasi mbele visinivuke. Na maneno yalikuwa hivyohivyo, wakubwa wakishaamua mimi naletewa majibu. Ile lesi nilikwenda kuichagua peke yangu. Muuzaji akaniuliza, 'Ya nani?' Nikamwambia, 'Ya mke wangu.' Nilitembea nayo kifuani mpaka hapa. Kitu kipya cha kwanza nilichochagua mwenyewe, Fundi, na umekigawa bila hata kuniambia."

"Sikukusudia kukuumiza."

"Najua. Hukusudii kamwe. Tulisema tutaoana Wa Kati akipata kazi, akapata. Tukasema Kadogo akimaliza chuo, akamaliza. Tukasema Kadogo akiolewa. Haya, Kadogo akizaa je?"

Tuseme ukweli, Dada alikuwa ameshaanza kujiuliza mtoto wa Kadogo ataogeshwa na nani.

"Tangu nikujue hujawahi kuniomba kitu," Seremala akasema. "Hata maji. Unaniambia, Seremala vaa sweta, navaa. Seremala umekula? Seremala kalale. Umenigeuza Kadogo wa pili. Mimi sitaki mlezi, nataka mke."

Akasimama. Mlangoni akageuka, macho yamelowa.

"Ukipata kitu cha kuniomba, karakana unaijua."

Akaondoka. Dada akabaki na pini kiganjani, amezikamata hata hasikii zinavyomchoma.

Jioni akamtumia ujumbe: *Umekula?*

Kimya.

Akatuma mwingine: *Sweta lako umelisahau hapa. Baridi inakuja.*

Ulisomwa. Haukujibiwa. Akaandika wa tatu, *Nisamehe*, akaufuta kabla ya kuutuma. Badala yake simu ikaita. Wa Kati.

"Dada, nimepita karakana nikakuta mtu anapiga randa ubao mmoja mpaka umebaki unyoya. Mmefanyiana nini?"

"Hakuna kitu. Viti vimepatikana?"

"Achana na viti. Ni ile lesi, siyo?"

Dada akashtuka. "Wewe lesi umeijulia wapi?"

"Dada, mimi ni wa kati. Nyumba hii hakuna anayeniangalia, kwa hiyo mimi ndiye naona kila kitu. Nilikuona umeinyoosha mezani, mkasi mkononi, machozi yanakulengalenga. Nikasema ninyamaze, wakubwa wana mambo yao. Nilikosea."

"Usije ukamwambia Kadogo."

"Umechelewa. Yuko hapa pembeni yangu, amenuna hapitiki."

Asubuhi walikuja wote wawili dukani kabla wateja hawajaanza. Kadogo aliingia bila salamu, na huyo ni mtoto aliyefundishwa salamu kabla ya kutembea. Akasimama mbele ya sanamu, akaligusa jani moja la lesi kwa ncha ya kidole.

"Ni zuri mno," akasema. "Mimi silivai."

"Kadogo, usinianzie. Harusi ni keshokutwa."

"Silivai, dada. Nikae mbele za watu nimevaa harusi yako?"

"Umevaa nini? Hebu acha maneno makubwa. Mimi nitapata nyingine."

"Ndivyo unavyosema siku zote! Sare zangu mpya, wewe sketi ileile. Chumba changu mimi, wewe mkeka hapa dukani. Unafikiri nilikuwa sioni?" Sauti ikaanza kukatika. "Wa Kati ananitania kwamba wa mwisho anadekezwa. Hakuna anayejua uzito wake. Kila nikivaa kitu nahesabu ulichokosa wewe. Kila nikicheka naona aibu. Nimechoka kupewa, dada. Na mimi niachie nikupe!"

Dada akatafuta pa kukaa, akakuta kigoda cha wateja. Hakuwahi kukikalia. Akajiinamia, na machozi aliyoyabana tangu msiba wa mama yakamtoka yote kwa pamoja, hana hata leso.

"Kwa hiyo nilikosea kuwalea?"

"Ulipatia," Wa Kati akasema, akachuchumaa mbele yake. Safari hii hakuwa na mzaha. "Ulipatia mpaka tumekua. Sasa tatizo lako hutaki kutuona tumekua."

"Nikiacha kuwahangaikia, mimi nitakuwa nani?"

"Utakuwa dada yetu," Kadogo akajibu. "Hatujawahi kuwa na dada sisi. Tulikuwa na mama tu."

Walikumbatiana watatu mle ndani, juu ya vitambaa vya watu, na mteja aliyekuja kuchukua suruali yake alichungulia dirishani akaona bora azunguke kidogo mtaani.

Kadogo ndiye aliyejinasua kwanza. "Lile la kwanza liko wapi? Lililoungua."

Likatolewa chini ya meza ya kukatia, lilikofichwa ndani ya mfuko. Kadogo akalikunjua. Karibu na pindo palikuwa na alama ya pasi, ya kahawia, pana kama kiganja.

"Hapa tu? Loh, dada! Kwa hapa tu ndiyo uvunje uchumba? Tia kiraka."

"Bibi harusi avae kiraka? Wakweze watasemaje?"

"Waseme. Sijawahi kuvaa kiraka maisha yangu yote, wacha nianze na harusi yangu. Kata jani moja kwenye vipande vya lesi vilivyobaki, ulishonee hapo. Niwe na kitu chako, lakini kisiwe chote."

"Na hili?" Dada akalitazama gauni la kwenye sanamu. "Nimeshalikata kwa mwili wako. Mimi na wewe tunalingana wapi?"

"Lifumue. Hiyo sketi ulivyoijaza mikunjo, tunaingia wote watatu na shemeji juu."

"Vipimo vyangu sina. Fundi hajipimi mwenyewe, mkono ukiinuka tu kipimo kinahama."

Wa Kati akachukua futi ya kupimia mezani, akamvika dada yake shingoni taratibu.

"Kuna mtu naye kazi yake ni kupima," akasema. "Nenda. Duka tunalinda sisi. Na usituulize kama tumekula."

Kinywa cha Dada kilikuwa kimeshafunguka. Akakifunga.

Karakana ilinukia gundi na mbao mbichi. Seremala alikuwa ameinamia mlango, penseli sikioni, na alipomuona akaacha randa ikae palepale ilipofika. Alikuwa amesema yake jana.

Njia nzima Dada alikuja akipanga hotuba. Alipofika yote ikayeyuka. Mwanamke aliyebishana na wenye nyumba, walimu wakuu na wauza vitambaa, leo maneno mawili yanamshinda. Alisimama akipinda ncha ya futi, akainyoosha, akaipinda tena.

"Nina ombi," akasema mwisho.

"Nakusikiliza."

"Naomba maji."

Seremala akaenda kwenye ndoo ya kona, akasuuza kikombe, akakijaza, akamletea kwa mikono miwili. Dada akanywa yote hadi tone la mwisho. Maji mengine yakamwagika kidevuni, na Seremala akamfuta kwa kidole chenye vumbi, akamwachia mstari.

"Kuna jingine?"

"Lipo." Akavua futi shingoni, akamkabidhi. "Naomba unipime. Gauni langu linafumuliwa, linashonwa upya. Kadogo amelikataa."

"Mimi napima milango, Fundi."

"Mimi nimepima wanawake wa mtaa mzima, na hakuna aliyewahi kunipima mimi. Anza."

"Umeshaanza kuniamuru."

"Samahani. Naomba."

Seremala akacheka. Akampima mabega, polepole, kama anaogopa atavunja kitu. Akampima mkono. Kila kipimo alikiandika kwa penseli kwenye ubao wa mlango wa mteja. Alipofika kiunoni, mikono ikamzunguka na futi, na haikutoka tena.

"Nilikosa sana," Dada akamwambia shingoni. "Nilidhani kupenda ni kutoa tu. Ulipoondoka ndipo nilipojua kwamba nakuhitaji, na nikaogopa. Sijawahi kumhitaji mtu. Naomba unioe, na tarehe upange wewe. Mimi na wadogo zangu tutaletewa majibu."

Seremala akaegemeza kidevu juu ya kichwa cha Dada. Kumbe alikuwa analia.

"Jumamosi inayofuatia ya Kadogo," akasema.

"Eh! Haraka hivyo? Na viti? Na ukumbi? Na..."

"Fundi."

"Haya. Jumamosi hiyo."

Kadogo aliolewa akiwa na kiraka chake cha jani, na kila aliyeuliza alijibiwa, "Kazi ya dada yangu hiyo," kwa majivuno kana kwamba ni nishani.

Jumamosi iliyofuata ikawa ya kifungua mimba. Lesi ilimkaa hasa, mabegani na mikononi. Kiunoni tu ilipwaya kidogo, maana kipimo kile hakikumaliziwa vizuri. Alipoketi mbele ya wageni akaona kiti kimoja cha nyuma kimelegea mguu, akaanza kunyanyuka. Mikono miwili ikamshika bega la kulia na la kushoto, Wa Kati huku, Kadogo kule.

"Kaa," wakasema pamoja.

Akakaa. Akawatazama wadogo zake wakienda wenyewe kukiondoa kile kiti na kumpa mgeni kingine, tena kwa adabu. Moyo ukamjaa. Akamgeukia mumewe, akamsogelea sikioni.

"Mume wangu," akasema, "nina kiu."

Seremala alishainuka kabla hajamaliza.