Mgonjwa wa Boksi la Friji

Habari hii nilipewa na shangazi wa bibi harusi mwenyewe, mwaka jana, tumekaa kwenye benchi la kliniki ya macho tukisubiri kuitwa. Alicheka mpaka dawa aliyotiwa machoni ikamtiririka mashavuni.

Palikuwa na kijana mmoja mlezi wa watoto, mrefu hata wenzake wakamwita Mrefu, jina alilopewa na mama yake likasahauliwa. Siku hiyo alikuwa mbele ya duka la mafriji, katikati ya watu na mikokoteni, kakumbatia boksi tupu. Mara akahisi boksi linavutwa upande wa pili.

"Kaka, hilo nimeshaliomba mimi," sauti ikasema nyuma ya boksi.

"Kwani dada umenunua friji?"

"Friji nitaliweka wapi? Nataka boksi."

Mrefu akachungulia. Gauni la manjano, viatu vyeupe vya kinesi, na macho yaliyoanza kumcheka kabla ya mdomo. Akaliachia boksi.

Kumbe wote wawili walikuwa wanakwenda kwenye mafunzo yale yale, ya watu wazima wanaosaidia michezo ya watoto. Yule dada alikuwa nesi wa wodi ya watoto. Walikuwa wameambiwa waje na kitu ambacho mtoto anaweza kukigeuza chochote anachotaka. Basi wakalibeba boksi pamoja, njia nzima wakibishana nani aliliona kwanza.

Mwalimu wao, mama mwenye sauti ya kengele, hakuchoka kuwaambia: "Mchezo ni wa mtoto. Usiingie mpaka ualikwe. Na ukishaingia, usiuvunje!" Wengine waliliandika neno hilo. Mrefu alilimeza zimazima.

Mapenzi yakaja yenyewe. Kila jioni Nesi alimpigia simu.

"Hujambo, twiga wangu?"

"Sijambo, ua langu."

"Mbona kila siku napiga mimi?"

"Nasubiri kualikwa."

"Na nani? Serikali?"

Mwanzoni alicheka. Baadaye kicheko kikapungua, maana shangazi aliyemlea alikuwa amemchagulia mchumba, muuza matairi mwenye kitambi na haraka.

"Sikiliza," Nesi akamwambia. "Jumamosi saa kumi shangazi anakuja kwangu. Kasema huyo wako kama yupo kweli, nimwone. Haya, nimekualika. Usipokuja nitajua nilikuwa nacheza peke yangu, na muuza matairi atajibiwa."

"Nitakuja hata kwa kutambaa, mpenzi."

Jumamosi hiyo mchana ndipo ilipofika zamu ya Mrefu kupimwa ili apate cheti cha mafunzo, katika chumba cha michezo, mwalimu kakaa pembeni. Alivaa shati jeupe jipya ili akitoka aende moja kwa moja. Akasimama kando, akisubiri kualikwa. Binti wa miaka mitano, kavaa miwani isiyo na vioo, akamnyooshea kidole.

"Wewe anko, unaumwa."

"Sana, daktari."

"Ingia kwenye boksi. Ulale. Umekufa kidogo. Usiamke mpaka nikwambie!"

Mrefu akaingia kwenye boksi lile lile la friji, miguu ikabaki nje kuanzia magotini, daktari akamfunika uso kwa gunia. Mara mama wa yule binti akaja kumchukua. Daktari akaondoka mbio, kiatu kimoja mkononi, mgonjwa kamsahau. Wengine nao wakaondoka. Mwalimu akatoka kuwasindikiza, akafunga ofisi yake kwa ufunguo na kwenda zake, akijua mtu mzima ataamka.

Mtu mzima hakuamka. Alisikia hatua, akajua daktari karudi na dawa. Kumbe mfagiaji, aliyeisogeza ile miguu pembeni pamoja na viti na kuendelea kufagia. Simu ikatetemeka mfukoni. Ikatetemeka tena. Jasho likamtoka. Akiamka, kauvunja mchezo na cheti hana. Asipoamka, je?

Kule kwa Nesi, shangazi alikuwa amemaliza chai. "Muuza matairi angalau simu anapokea," alisema.

Nesi akampigia mwalimu.

"Mrefu? Nilimwacha amelazwa, daktari anasema..." Simu ikakatika.

Amelazwa! Nesi alitoka na kandambili, shangazi nyuma yake kashika mkoba kifuani, wakakimbilia kwenye mafunzo kuuliza ni hospitali gani. Mlango wa chumba cha michezo ulikuwa wazi. Ndani, miguu miwili imetoka kwenye boksi.

"Mrefu! Mrefu wangu!"

"Sss," boksi likasema. "Sijaambiwa niamke."

"Boksi linaongea," shangazi akasema, akatafuta kiti.

"Daktari wako yuko kwao anakula!" Nesi alilia na kucheka papo hapo. "Na wewe uliniambia utakuja hata kwa kutambaa!"

Kisha boksi likaanza kutambaa. Likapita katikati ya viti, likaja mpaka miguuni pa shangazi.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Toa uso basi nikuone."

Uso ukatoka, una mistari ya gunia. Shangazi akamtazama sana.

"Binti," akasema, "mtu aliyeambiwa na mtoto alale akalala mpaka jua linazama, huyu ukimwambia rudi nyumbani mapema, atarudi. Matairi tutanunua dukani."

Mrefu akamgeukia Nesi, bado kapiga magoti. "Naomba unialike kabisa. Siyo mwaliko wa chai. Wa maisha."

"Nimekualika," Nesi akasema, akimpangusa vumbi. "Ukishaingia, usiuvunje."

Usiku ulipoingia mwalimu akampigia Mrefu simu: daktari hataki kulala, analia ameacha mgonjwa. Akampa namba ya mama wa mtoto, Mrefu akapiga.

"Anko, umepona?"

"Nimepona, daktari."

"Nani kakuamsha?"

"Nesi."

"Haya. Sasa lala kweli." Mtoto akalala hata simu haijakatwa.

Kisha Mrefu, kwa mara ya kwanza, akampigia Nesi yeye.

"Nani kakualika?" Nesi akauliza.

"Wewe, leo."

Wakaongea mpaka shangazi kwenye kitanda cha pili akaanza kukoroma, mpaka majibu ya Nesi yakawa pumzi tupu. Mrefu akaiweka simu kifuani, akanyoosha miguu nje ya kitanda kama kawaida yake, akatii amri ya daktari.