Mwanamke wa Kwenye Pazia

Kitu cha kwanza nilichokiona kilikuwa mkono.

Ndugu zangu, nyie mkikaa ukumbini mnasubiri filamu. Mimi ninayechana tiketi mlangoni nasubiri kile kipande kinachotangulia, nembo ya kampuni inayosambaza filamu. Kivuli cha mwanamke kinafungua pazia, mwanga unamwagika, jina la kampuni linatokea. Basi.

Kivuli kile ni dada yangu. Marehemu dada yangu.

Mumewe ndiye mchoraji wa kampuni. Alimrekodi akifungua pazia la chumbani kwao, akachora juu ya picha zile moja moja. Dada alikuwa mashoto, na kidole chake cha mwisho alikiinua kama bibi harusi anayeogopa kuchafuka. Tulimcheka sana.

Siku ile pazia likafunguliwa kwa mkono wa kulia.

Mwanamke mwingine... mwembamba, shingo ndefu.

Watu wakaendelea kutafuna bisi. Mimi nikashika ukuta.

Nikajua shemeji kapata mwingine, na hata kivuli cha dada kakifukuza.

Mimi si msemaji. Shule niliishia darasa la tano, na mbele za watu ulimi wangu ni mzito. Lakini nilimfuata ofisini.

"Shem, umempa nani nafasi ya dada?"

Akanivutia kiti. Sikukaa.

"Hakuna mtu, shem. Huyo nimembuni tu. Niliombwa nimtoe dada yako."

"Na nani?"

Machozi yakamjaa. "Na mama."

Mama yetu mzazi...

Kumbe siku moja mama aliniletea mwavuli kazini. Akanikuta nimesimama gizani, nimemkodolea macho mwanawe aliyekwisha kumzika. Hakunishtua. Aligeuka, akaenda kwa shemeji.

"Aliniambia," shemeji akasema, "'Mtoe, baba. Nimebakiwa na mmoja, na huyo naye anamfuata mwenzake.'"

Shemeji alikubali kwa sharti kwamba amfute mwenyewe, picha moja moja, asiguswe na mtu mwingine.

Nikarudi nyumbani. Mama akauliza mbona macho mekundu. Nikasema vumbi. Akasema pole, akanipakulia chakula.

Jamani, kuna mtu anaweza kukunyang'anya kitu kwa sababu anakupenda, na bado kikauma vilevile. Ukitaka kumwokoa mtu, muulize kwanza.

Mama, hili sijawahi kulitamka. Pale gizani sikuwa namfuata dada. Nilikuwa namwamkia tu, kama zamani, kisha naendelea na kazi.