Mashati Thelathini ya Siku ya Vijana

Alasiri ile cherehani ya Fundi haikupumzika. Mguu ulikanyaga pedali, mikono ilisukuma kitambaa, na midomo ilibana pini tatu. Kwenye kamba nyuma yake yalining'inia mashati ishirini na tisa ya samawati. Akamaliza la thelathini, akalitundika. Ilikuwa Jumanne, na Siku ya Vijana ni Jumamosi. Fundi alijiona bingwa.

Kamati ya mtaa ndiyo iliyoagiza mashati, ili vijana wapendeze mbele ya wageni. Wanakamati wote walikuwa watu wazima. Walipanga hotuba saba, zote zao. Vijana wao wangepanga viti na kukariri shairi la Mwenyekiti. Lilikuwa na beti kumi na mbili, na kila ubeti uliwaambia vijana wawe watiifu.

Fundi naye hakumwita kijana hata mmoja kumpima. Vipimo vya mwaka jana si vimo daftarini? Kusumbuana kwa nini?

"Twiga!" aliita. "Njoo ujaribu la kwako."

Twiga ni binti yake wa miaka kumi na sita. Jina hilo alipewa na baba yake kwa sababu ya urefu wake. Akalivaa shati. Mikono ya shati iliishia karibu na kiwiko. Alipojinyoosha, kitovu kikachungulia nje.

"Mungu wangu!" Fundi akatema pini. "Shati limerudi?"

"Shati halijarudi, mama. Mimi ndiye nimekua."

Fundi aligeuka kuitazama kamba. Kama Twiga amekua, basi wote wamekua. Mashati thelathini! Na kitambaa kimekwisha!

"Afadhali," Twiga alisema. "Mimi siendi kukariri lile shairi. Na wenzangu hawaendi."

"Hamwendi? Siku yenu wenyewe?"

"Yetu wapi, mama? Hiyo ni yenu."

Neno hilo lilimchoma Fundi. Kabla hajajibu, jirani yao akaingia na sketi iliyofumuka. Huyu ni mkutubi wa maktaba ya mtaa. Watu humwita Kamusi, kwa sababu ukimuuliza jambo moja hukujibu matatu. Alilitazama shati, akamtazama Twiga, akacheka mpaka akatafuta pa kukaa.

"Cheka tu, jirani. Mwenzako nimekwisha," Fundi alisema.

"Hujaisha. Hukuuliza, basi. Na kuuliza si ujinga. Kamati nzima haikuuliza."

"Hivi siku hii iliwekwa ya nini?" Fundi aliuliza.

"Haya, ndiyo maswali ninayoyataka!" Kamusi akajiweka sawa kitini. "Umoja wa Mataifa uliichagua tarehe 12 Agosti, ili dunia ijue vijana wana shida gani na wanaweza nini. Na nchi nyingine zina siku zao. Uturuki, tarehe 23 Aprili, watoto hukalia viti vya viongozi wakubwa, wakasema yao."

"Viti vya viongozi? Watoto?"

"Watoto. Japani, tarehe 5 Mei, familia hupeperusha bendera zenye umbo la samaki. Samaki huyo hupanda mto wenye nguvu, na wazazi huwatakia watoto nguvu hizo. Afrika Kusini hukumbuka tarehe 16 Juni. Mwaka 1976 wanafunzi waliandamana wakidai elimu iliyo bora. Wengi waliuawa. Tarehe hiyohiyo ndiyo Siku ya Mtoto wa Afrika."

"Wanafunzi wa shule?" Fundi aliuliza kwa sauti ndogo.

"Wa shule. Wa umri wa huyu."

Fundi alimtazama binti yake kana kwamba ndiyo kwanza amwone.

"Sasa nifanyeje?"

"Waite. Wapime upya. Na unapowapima, waulize."

Jumatano baada ya masomo, chumba cha Fundi kilijaa vijana hadi mlangoni.

"Mama, una gunia zima la mabaki ya vitambaa," Twiga alisema. "Tuunge chini na kwenye mikono. Kila mtu rangi yake."

"Nani atashona yote hayo?"

"Wewe shona. Sisi tutakata na kupiga pasi."

Wacha we! Mikono ilienda mbio. Fundi alistaajabu jinsi walivyogawana kazi bila kugombana. Kamati ingehitaji mikutano mitatu.

Alipompima kila mmoja aliuliza, "Jumamosi ungependa kusema nini?" Mwanzo walicheka. Kisha kijana mmoja akasema, "Kliniki." Chumba kizima kikaitikia. Wakiwa shuleni, kliniki iko wazi. Wakitoka, imefungwa. Na Jumamosi haifunguliwi kabisa.

"Mimi ni macho," Twiga alisema. "Siuoni ubao tangu muhula uliopita. Nanakili kwa mwenzangu."

Futi ya kupimia ya Fundi ikasimama hewani. "Na hukuniambia?"

"Nilikuambia, mama. Ulikuwa unashona."

Fundi aliona haya. Aliona na uchungu, maana mtoto alikuwa wake.

Kesho yake yeye na Kamusi walikwenda kwa Mwenyekiti.

"Hotuba saba ziwe mbili, vijana nao waseme yao," Fundi alisema.

"Na shairi langu?"

"Shairi lako tamu, Mwenyekiti. Msomee mkeo."

Mwenyekiti alinuna, kisha akacheka, akakubali.

Jumamosi vijana thelathini walisimama na mashati ya rangi mbili. Wageni wakaulizana mtindo ule umetoka wapi. Twiga alimgeukia muuguzi mkuu wa kliniki, aliyekaa kati ya wageni.

"Hatuombi zawadi," alisema. "Tunaomba kliniki ifunguliwe kwa muda wa saa tatu tu, kila Jumamosi mchana."

Muuguzi mkuu alisimama. "Miaka yote nilidhani vijana hawaji kwa sababu wana afya njema. Kumbe mlango ndio umefungwa! Nitaufungua."

Na akaufungua. Jumamosi ya kwanza walifika vijana arubaini. Twiga alipimwa macho, na baada ya wiki mbili akapewa miwani. Aliivaa palepale mlangoni, akamtazama mama yake kwa makini.

"Mama! Kumbe una mvi?"

"Umenipa wewe hizo!"

Wakacheka. Njia nzima Twiga alisoma kwa sauti kila kibao cha duka na kila tangazo ukutani. Fundi alikuwa na kazi nyingi zilizomsubiri. Hata hivyo alipunguza mwendo, akamsikiliza mpaka nyumbani.